Mfunue mtoto, hesabu pumzi: maswali ya wazazi msimu wa baridi

Kuanzia Juni mpaka Agosti, huku nyanda za juu kusini baridi inauma kweli, na watoto wanaletwa zahanati wamefungwa kama mizigo ya safari. Maswali haya naulizwa karibu kila siku. Wanaouliza si wazembe. Ni wazazi wenye hofu, tena hofu nyingi, na hofu hiyohiyo ndiyo inayomchelewesha mtoto.

Nimonia ni nini? Si baridi iliyoingia kifuani?

Hapana. Ni maambukizi ya mapafu yanayoletwa na bakteria au virusi. Vifuko vidogo vya hewa vinajaa majimaji, hewa haipiti vizuri, ndiyo maana mtoto anahema harakaharaka. Msimu wa baridi tunajifungia ndani, madirisha hayafunguliwi, tunakoholeana, na moshi wa kuni unayachokoza mapafu ya mtoto. Mama anayemkalisha mwanawe jikoni kutwa nzima "asipigwe na upepo" anamtoa kwenye upepo na kumpeleka kwenye moshi.

Mtoto ana homa na anatetemeka. Nisimfunike?

Usimfunike. Akitetemeka, khanga moja nyepesi inatosha. Mablanketi yanalizuia joto lisitoke, na baya zaidi, yanakificha kifua.

Juzi mama mmoja aliingia na mtoto wa miezi tisa. Nikaanza kufungua: shali, blanketi la sufu, sweta, sweta ya pili, fulana ya mikono mirefu, fulana ya ndani. Kofia mbili. Nilipoifikia ngozi ilikuwa imelowa jasho, na chini ya mbavu palikuwa panabonyea ndani kila alipovuta pumzi. Nilihesabu pumzi 68 kwa dakika. Mama yule alikuwa hajalala usiku mbili akimbembeleza, lakini katika usiku huo wote hakuna aliyekitazama kifua cha mtoto. "Niliona ametulia," aliniambia. Hakuwa ametulia, alikuwa amechoka kuhema. Tulimpa dozi ya kwanza, tukamkimbiza hospitali penye oksijeni, akapona.

Nitajuaje kama anahema haraka?

Mpandishe nguo mpaka kifua na tumbo vionekane. Subiri atulie, asiwe analia wala kunyonya. Washa saa ya simu, hesabu kila tumbo linapopanda, kwa dakika nzima. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili, watoto wanahema kwa kubadilikabadilika.

Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 mpaka 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 mpaka 5, ni 40 au zaidi. Akifika idadi hiyo, mlete leo. Ukiona kifua kinabonyea ndani, mlete sasa hivi, usimalizie hata kuhesabu.

Bibi yake amesema tusubiri siku tatu, homa itashuka.

Shikamoo yake bibi, lakini hapana. Mtoto wa chini ya miaka mitano mwenye homa aonwe ndani ya saa 24. Na malaria apimwe hata huku kwenye baridi, maana watu wanasafiri na mbu wapo. Kama hanyonyi au hanywi, anatapika kila kitu, amepata degedege, au amelegea na haamki vizuri, hakuna kusubiri hata saa moja. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, homa peke yake inatosha kukimbia. Mwili wake kuwa wa baridi kuliko kawaida nao unatosha.

Nikimtoa nje na homa, upepo si utamzidishia?

Hautamzidishia. Swali hili nalijibu mara kumi kwa siku na nitalijibu tena: upepo wa njiani haumuui mtoto mwenye nimonia, kubaki nyumbani ndiko kunakomuua. Mbebe, toka.

Nina chupa ya amoksilini iliyobaki mara ya mwisho. Nianze nayo?

Hiyo chupa imwage. Dawa ya unga ikishachanganywa na maji hudumu wiki moja mpaka mbili tu, na wewe umeiweka juu ya kabati tangu Pasaka. Halafu mafua mengi ni virusi, havisikii dawa hiyo. Homa ikimsumbua mpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, si "kijiko kimoja" cha kila mtu, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini usimpe mtoto. Na homa ikishuka kwa parasetamoli usidhani ugonjwa umekwisha. Hesabu pumzi tena.

Wanasema mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Ni kweli?

Si kweli. Si kweli hata kidogo. Mtoto anafukizwa kinyesi cha tembo, anazungushwa kwa mtaalamu wa kienyeji, analetwa kwetu siku ya tatu hajitambui. Anachomwa sindano, anafariki, na lawama inaiangukia sindano kwa kuwa ndiyo iliyoonekana mwisho. Siku tatu zile hazihesabiwi.

Degedege ikimshika, mlaze kwa ubavu, legeza nguo, usimtie kitu chochote mdomoni, si kijiko, si maji, si dawa. Kisha mlete.

Kwa hiyo mtoto asivalishwe kabisa?

Sijasema hivyo. Mtoto mchanga hupoteza joto haraka, kofia na soksi ni zake, na aliyezaliwa njiti abebwe kifua kwa kifua na mama. Mkubwa kidogo, mvalishe kama unavyovaa wewe, ongeza nguo moja. Ninachokataza ni jiko la mkaa chumbani mlango umefungwa. Lile linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na familia nzima inaweza isiamke.

Kuna kinga?

Ipo, na ni ya bure. Chanjo ya nimonia, iitwayo PCV, wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Maziwa ya mama tu kwa miezi sita, bila maji, bila dawa ya tumbo ya dukani. Kuna mzazi anaogopa chanjo kwa sababu mtoto atashinda na homa siku moja. Anaogopa kitu kidogo, kikubwa anakiacha mlangoni.

Nikija kila akikohoa, si mtanichoka?

Njoo. Nikikuta ni mafua tu nitakwambia ni mafua, utarudi bila dawa, na tafadhali usinunie kunyimwa sindano. Ukimleta mara tano bila sababu nitahema kidogo, basi.

Na akizidiwa usiku, zahanati imefungwa?

Nenda kituo cha afya au hospitali usikuusiku, usingoje alfajiri. Mnyonyeshe njiani kama anaweza kunyonya. Beba kadi ya kliniki na dawa zote alizokwisha kupewa, hata zile za kienyeji, sitakugombeza. Blanketi, beba moja.