Kutafuta Reptilia Nchi za Nje: Safari Hupangwa kwa Kalenda ya Mnyama

Katika kazi yangu ya kuchunguza reptilia, watu wanaotaka kusafiri kwenda kuona nyoka, vinyonga au kenge porini huniuliza kwanza waende nchi gani. Nami huwauliza wanamtaka mnyama yupi, kwa sababu nchi inayosifiwa kwa wingi wa reptilia huweza kuonekana tupu kabisa kwa mtu aliyefika mwezi usiofaa. Reptilia hajitengenezei joto la mwili kama ndege au mamalia. Hulipata kwenye jua, mawe, mchanga na hewa inayomzunguka, na mazingira yanapokuwa ya baridi au makavu kupita kiasi hujificha chini ya ardhi au ndani ya magogo na kutulia humo kwa majuma, pengine miezi. Kwa hiyo tarehe hupangwa kwanza, na tiketi ya ndege hufuata.

Madagaska inaonyesha jambo hili waziwazi kuliko mahali pengine popote ninapopajua. Kisiwa hicho kina karibu nusu ya spishi zote za vinyonga duniani, na wageni wengi hukiendea Julai na Agosti, wakati barabara ni kavu na hakuna hofu ya vimbunga. Lakini huo ndio msimu wa baridi na ukame, na katika misitu ya magharibi vinyonga wengi huwa hawaonekani kabisa. Kinyonga aitwaye Furcifer labordi, ambaye utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulieleza maisha yake katika maeneo kame ya kusini-magharibi, huanguliwa mvua za kwanza zinaponyesha mwezi wa Novemba, hukomaa kufikia Januari, hutaga mayai, kisha hufa miezi minne hadi mitano tu baada ya kuanguliwa. Miezi minane au tisa inayobaki, kizazi kizima kimo ndani ya mayai chini ya udongo. Anayefika Julai hatampata hata akiongozwa na mtu hodari kiasi gani. Kwa vinyonga wengine mimi hupendelea Novemba na siku za mwanzo za Desemba, kwa kuwa mvua zimeanza kuwaamsha na vimbunga, ambavyo huvuma zaidi kati ya Januari na Machi, bado havijafika. Anayemtaka labordi aliyekomaa hana budi kwenda Januari au Februari na kuzikubali barabara zilizojaa matope.

Katika nchi za baridi nafasi huwa finyu zaidi. Huko Narcisse, katika jimbo la Manitoba nchini Kanada, maelfu kwa maelfu ya nyoka wadogo wasio hatari kwa binadamu hutoka kwenye nyufa za mawe ya chokaa walimokaa msimu wote wa theluji, wakajazana kwa ajili ya kupandana kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei, kisha wakatawanyika kwenye mabwawa na nyasi. Juma lenyewe husogea mbele au nyuma kulingana na hali ya hewa ya mwaka huo, kwa hiyo safari ya aina hii inahitaji tiketi inayoweza kubadilishwa tarehe, hata kama ni ghali zaidi.

Baada ya mwezi huja saa, na hapa ndipo watu wengi hupoteza usiku mzuri kwa kulala. Katika jangwa la Sonora, kusini-magharibi mwa Marekani, mvua za kiangazi za Julai hadi Septemba huwatoa nyoka mafichoni, lakini mchana joto la ardhi lingewaua. Hutoka jua likishazama. Lami iliyohifadhi joto la mchana huwavutia baadhi yao, hivyo watafutaji huendesha gari polepole kwenye barabara zisizo na magari mengi na kutazama kila kitu kinachofanana na kijiti. Sheria za majimbo kuhusu utafutaji wa namna hii hutofautiana, na ni lazima kuzisoma kabla ya kukodi gari.

Msituni, usiku una faida nyingine. Kinyonga aliyelala hupauka, na akimulikwa huonekana mweupe kati ya majani ya kijani yaliyokoza. Mara nyingi hulala kwenye ncha ya tawi jembamba, mahali ambapo nyoka akikaribia tawi lote hutikisika. Tochi ishikwe karibu na jicho, mwanga upitishwe polepole juu ya matawi ya usawa wa kiuno hadi juu kidogo ya kichwa, na mtu asimame kila baada ya hatua chache kutazama upya mahali alipokwisha kupaona. Mwendo wa haraka ndio unaowanyima watu wengi nafasi ya kumwona, kwani jicho huhitaji muda kutofautisha mnyama na jani lililokauka.

Kuna wanyama ambao bidii hiyo yote haihitajiki kwao, ila kuuliza tu. Katika Hifadhi ya Taifa ya Bako, Sarawak, nchini Malaysia, nyoka wa kijani mwenye sumu, Tropidolaemus subannulatus, huweza kukaa kwenye tawi lile lile siku kadhaa akivizia mawindo. Wahifadhi hujua alipo. Siku ya kwanza ya kila safari mimi huitumia kuzungumza na watu wa mahali pale kabla sijaingia msituni, na hulipia mwongozaji wa eneo hilo hata pale ambapo sheria hainilazimishi, maana anayelijua pori lake huona katika usiku mmoja kile ambacho mgeni hukitafuta juma zima.

Kabla ya kuondoka, tovuti ya iNaturalist, ambako watu huweka kumbukumbu za viumbe waliowaona porini, husaidia sana ikiwa utachuja kumbukumbu kwa mwezi na kuacha kutazama ramani peke yake. Kisha soma masharti ya kuingia. Katika visiwa vya Galápagos, Ekuador, kwa mfano, mgeni hawezi kuzunguka maeneo ya hifadhi bila mwongozaji aliyeidhinishwa, na Tortuguero, Kosta Rika, kasa wanaotaga kati ya Julai na Oktoba hutazamwa usiku pamoja na waongozaji, bila kamera wala tochi za mwanga mweupe. Kumshika mnyama anayelindwa kunakatazwa na sheria katika nchi nyingi za Ulaya. Kumchukua ni jambo lisilofaa hata kuwazwa, na CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini ulioanza kutumika mwaka 1975, huwagusa vinyonga, chatu, kenge na kasa wote wa baharini.

Sura ya sumu naiandika kwa uzito wote. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu 81,000 hadi 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Dawa ya kuzima sumu hutengenezwa dhidi ya sumu za nyoka maalumu: ile inayotumika India inalenga nyoka wanne wanaoua zaidi, na haimhusu Hypnale hypnale, nyoka wa sumu anayepatikana kwa wingi milima ya Western Ghats. Kwa hiyo ulizia kabla ya safari ni hospitali ipi iliyo karibu yenye dawa inayofaa, ni saa ngapi kuifikia usiku, na iwapo bima yako hulipia kusafirishwa kwa dharura. Mtu akiumwa atulizwe, pete zivuliwe, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali. Asichanjwe kwa wembe mahali alipoumwa, wala asifungwe kamba ya kukata damu.

Vifaa ni vichache: tochi ya kichwani na ya akiba, viatu vigumu vinavyofunika kifundo, betri zikiwa kwenye mzigo wa mkononi. Soli zioshwe na kutiwa dawa ya kuua viini kati ya eneo na eneo, kwa sababu kuvu na virusi vinavyoua nyoka na vyura husafiri kwenye tope.

Ninalosisitiza kwa nguvu zaidi linahusu picha na taarifa zinazofichua mahali mnyama alipo. Mjusi wa mapangoni Goniurosaurus luii alielezwa kisayansi mwaka 1999, na wafanyabiashara wakafuata maelezo hayo hadi wakammaliza mahali alipogunduliwa. Kasa wa shingo ndefu wa kisiwa cha Roti, Indonesia, aliyeelezwa mwaka 1994, alikaribia kutoweka kwa namna hiyo hiyo. Ficha mahali halisi unapopakia kumbukumbu ya mnyama adimu, futa alama za GPS kwenye picha za simu kabla ya kuzituma kwa yeyote, na taarifa kamili, yaani tarehe, saa, mwinuko na halijoto, wape mamlaka ya hifadhi au watafiti wanaofanya kazi katika eneo hilo.