York: "Gate" Si Lango, na "Bar" Si Baa

Kazi yangu ni kuwaongoza wageni kwa miguu katika mji wa York, kaskazini mwa Uingereza, na hakuna kosa linalonichosha kama hili la majina. Wiki iliyopita mama mmoja alinipigia simu akiwa amesimama katikati ya Stonegate, ameuzunguka mtaa huo mara tatu akilitafuta lango. Kabla yake, mzee mmoja wa heshima kutoka Mombasa, niliyemwomba tukutane Bootham Bar, alinijibu kwa upole kwamba yeye haingii baa, akaniomba nichague mahali pengine. Wote wawili walikuwa wamelifasiri neno kama wanavyolijua, na wote wawili walipoteza asubuhi nzuri.

Ukweli ni kwamba katika majina ya York "gate" maana yake ni mtaa. Neno hilo halikutokana na Kiingereza cha lango, bali na "gata" la lugha ya Waskandinavia wa kale, yaani Waviking, ambao waliuteka mji huu mwaka 866, wakauita Jorvik, na ambao mfalme wao wa mwisho alifukuzwa mwaka 954. Micklegate ni mtaa mkubwa, na Goodramgate ni mtaa wa mtu aliyeitwa Guthrum. Coppergate nao, ambao wageni hunihakikishia kuwa ulikuwa mtaa wa shaba, hauhusiani na shaba hata kidogo, kwa kuwa ni mtaa wa watengeneza vikombe. Wanaakiolojia walipochimba hapo kati ya 1976 na 1981 walikuta nyumba, karakana, bakuli na vikombe vya mti pamoja na masalio ya ukerezaji, vyote vikiwa vimehifadhiwa na udongo uliojaa maji. Kwa hiyo anayesema kwamba Waviking walikuja York kupora tu na kuondoka anapingwa na kila kibao cha mtaa anachokipita, kwa maana watu hawaiti mitaa kwa majina ya kazi zao mahali ambapo hawakuishi.

Lango, kwa upande wake, huitwa "bar", kutokana na kizuizi kilichofunga njia ili wanaoingia wakaguliwe na kutozwa ushuru. Malango makuu ni manne: Bootham Bar, Monk Bar, Walmgate Bar na Micklegate Bar. Tazama jina hilo la mwisho kwa makini, kwani limebeba maneno yote mawili na kumaliza ubishi: ni lango la mtaa mkubwa, linaloelekea upande wa London, ambapo mwaka 1460 kichwa cha Richard, mkabaila mkubwa mwenye cheo cha "Duke" wa York, kilitundikwa baada ya kuuawa vitani. Anayetaka kinywaji atafute "pub", na asiyetaka asiogope kusimama chini ya "bar" yoyote mjini humu.

Ninalisisitiza jambo hili kwa sababu mwenye kuyaelewa majina hahitaji ramani ya simu, na ningependa simu ibaki mfukoni. Ingia kwa Bootham Bar, lililojengwa mahali palipokuwa na lango la ngome ya Warumi waliouanzisha mji mwaka 71, ufuate Petergate. Hapo unakanyaga mstari wa barabara yao ya ndani ya ngome. Stonegate inayokutana nayo iko juu ya barabara yao nyingine. Warumi walipima njia, Waskandinavia wakaacha neno la kuziitia, na wenyeji wa leo wanazipita wakienda kazini.

Kuta za kale za mji, zenye malango hayo, husemwa kuwa za Kirumi na kwamba zinauzunguka mji wote. Sivyo. Sehemu kubwa ya unachokitembelea ilijengwa katika karne ya 13 na ya 14. Ukitaka kazi ya Warumi, nenda Museum Gardens ukautazame Multangular Tower, ambao mawe yake madogo ya chini, yenye mkanda wa vigae vyekundu, ni yao, na yale makubwa ya juu ni ya baadaye. Aidha, ukuta una pengo upande wa mashariki, ambako bwawa na kinamasi cha mto Foss vilitosha kuwa kinga. Njia ya kutembea juu ya ukuta ina urefu wa kilomita 3.4 hivi na hailipiwi. Mwenye muda mfupi atembee kipande cha Bootham Bar hadi Monk Bar, asubuhi na mapema, akiwa na viatu visivyoteleza.

Kuhusu Shambles, mtaa mwembamba ambao wengi huniuliza kama filamu za Harry Potter zilipigwa pale: hapana, hazikupigwa. Ulikuwa mtaa wa wachinjaji, na ghorofa zilizojitokeza mbele ziliikinga nyama na jua. Upite kabla ya maduka kufunguliwa.

Neno "snickelway", la vichochoro vya mji, wengi hulidhani la kale. Liliundwa mwaka 1983. Vichochoro vyenyewe ndivyo vya kale, na kupitia Coffee Yard kutoka Stonegate hadi Grape Lane kunafaa kuliko msongamano wa barabarani.

Si kweli pia kwamba kila anayeingia Minster, kanisa kuu la mji, hulipa. Ibada hazilipiwi, na ibada ya jioni yenye kwaya ndiyo ninayomshauri kila mgeni, wa dini yoyote, aketi kimya aisikilize.

Dhana ya mwisho inaniumiza. Wageni hupiga picha Clifford's Tower wakiambiana kwamba ndani ya mawe yale Wayahudi wa York waliangamia. Waliangamia juu ya kilima kile kile, Machi 1190, watu wapatao 150, walipozingirwa na umati wa watu. Lakini mnara wao ulikuwa wa mbao, nao uliteketea kwa moto. Huu wa mawe ulijengwa katika karne iliyofuata. Chini ya kilima kuna kibao cha ukumbusho kilichowekwa mwaka 1978, nami huwaomba wageni wangu wasimame wakisome kabla ya kuanza kupanda ngazi.