Akiba ya tokeni: tunayodhani na mambo yalivyo

Kwanza tuelewane: si tokeni ya LUKU. Ile ukishaiingiza kwenye mita mara moja, kazi yake imekwisha. Tokeni ya kuingilia kwenye mfumo hutumwa tena na tena, kila unapobonyeza kitu, mpaka muda wake uishe. Na kila ikitumwa lazima ihakikiwe. Akiba (cache) ni mahali pa kuweka kwa muda majibu au funguo ulizokwisha kuchukua, ili usiende kuuliza upya kila mara.

Dhana: Kinachochelewesha ni hesabu za saini.

Hili nalisikia karibu kila nikikaa chai na vijana wa programu pale Njiro. Saini ni alama ya kidijitali ambayo mtoaji wa tokeni huiweka kwa ufunguo wake wa siri, na wengine huihakiki kwa ufunguo wake wa umma. Kuhakiki saini ya RSA (njia mojawapo ya kusaini) ya biti 2048 huchukua makumi ya maikrosekunde tu, maana ufunguo wa umma kwa kawaida hutumia kipeo kidogo, 65537. Kusaini ndiko kuzito. Kinachokula muda ni safari: seva yako iko Arusha, ya utambulisho (inayotoa tokeni na kuzithibitisha) iko Frankfurt, na kila ombi linakwenda kuuliza, "Huyu ni wetu?" Kwenda na kurudi hupita milisekunde 100. Ukurasa ukituma maombi kumi yanayofuatana, sekunde nzima imepotea mgeni hajaona hata bei ya Ngorongoro.

Kama tokeni zako ni za JWT, yaani zinazobeba maelezo na saini ndani yake, weka kwenye akiba funguo za umma za mtoaji, kisha hakiki mwenyewe papo hapo. Ikija tokeni inayotaja ufunguo usioujua, kachukue funguo upya, lakini jiwekee kikomo. La sivyo mhuni mmoja mwenye funguo za kubuni atakutuma Frankfurt kutwa nzima.

Dhana: Akiba ikikaa muda mrefu ndiyo bora.

Kuna tokeni zisizobeba maelezo yoyote ndani. Hizo lazima umuulize mtoaji, na jibu lake ndilo unaloliweka akiba. Sisi, kwenye mfumo wa kupanga safari za watalii, tuliweka saa moja. Simu ya dereva ikaibiwa stendi. Tukaifuta tokeni yake palepale, na kwenye hifadhidata ikafutika kweli. Akiba hatukuiambia. Mwizi aliendelea kusoma orodha ya wageni na hoteli zao huku sisi tumeshapumua.

Siku hizi tunaweka sekunde 60, na kamwe hazivuki muda wa tokeni yenyewe kuisha. Zinatosha, kwa kuwa maombi ya mtu mmoja huja kwa mkupuo. Anayeondolewa tunamfuta na kwenye akiba pia. Kama una seva tatu na kila moja ina akiba yake, kafute zote tatu, au tumia Redis (programu ya kuhifadhi akiba) moja ya pamoja.

Dhana: Herufi za mwanzo za tokeni zinatosha kuitafutia jibu kwenye akiba.

Hapana! JWT huanza na eyJ, na sehemu yake ya kwanza hutaja aina ya saini na ufunguo uliotumika, kwa hiyo watumiaji wako wote huwa nayo ileile. Kata herufi 30 za mwanzo, na mhasibu wa Moshi atajikuta ameingia kama meneja wa Arusha. Tumia SHA-256 ya tokeni nzima, yaani alama fupi inayokokotolewa kutokana na tokeni yote na isiyoweza kugeuzwa kuwa tokeni tena. Hata atakayechungulia akiba hatapata tokeni ya kuingilia.