Piriton haimwokoi anayekufa kwa mzio

Wiki hii tena kaletwa kijana aliyeumwa na nyuki: midomo imevimba, sauti imekauka, presha 70 kwa 40. Barua ya rufaa inasema kapewa Piriton, dawa ya mzio, na haidrokotizoni, dawa ya steroidi, basi. Nesi aliyemsindikiza akaniambia adrenalini walikuwa nayo kabatini. "Lakini daktari, ile si ya mtu ambaye moyo umeshasimama?"

Hapana, dada yangu. Ni ya kuuzuia usisimame: inafungua koo na kupandisha presha.

Piriton inatuliza muwasho na vipele. Haifungui koo, haipandishi presha, na ya kumeza huchukua nusu saa au zaidi kuianza hata kazi hiyo ndogo. Haidrokotizoni ndiyo kabisa, hiyo ni ya saa kadhaa baadaye. Utafiti wa vifo vya mzio Uingereza, uliochapishwa mwaka 2000, ulikuta kwamba kwa nusu ya waliokufa, pumzi au moyo ulisimama ndani ya dakika 30 kwa chakula, 15 kwa sumu ya wadudu, na 5 kwa dawa tunazochoma wenyewe hospitalini. Piga hesabu.

Hofu yenu naijua ilikotoka. Mmeiona adrenalini ikipigwa kwenye mshipa wakati wa kufufua, na kwenye mshipa ni hatari kweli. Waachieni wenye monita ya kufuatilia moyo. Mimi nasema msuli: paja, upande wa nje, katikati. Mtu mzima, nusu ya ampuli ya miligramu 1. Mtoto wa miaka 6 hadi 12, miligramu 0.3, chini ya hapo, 0.15. Suruali ikikuchelewesha, choma juu yake. Na msichome chini ya ngozi: watoto waliopimwa, dawa ya msuli wa paja ilifika kileleni kwenye damu kwa dakika 8 hivi, ya chini ya ngozi dakika 34. Dakika 5 zikipita bila nafuu, rudia. Mlaze, inua miguu; anayebanwa pumzi akae, ila asitembezwe hata kwenda chooni.

Msisubiri vipele pia. Wapo wasiotoka hata kimoja: kachomwa antibiotiki ya seftriaksoni sasa hivi, anatapika, jasho linamtiririka, anaanguka.

Kinachonisumbua mimi ni muda wa kumbakiza wodini. Dalili huweza kurudi saa kadhaa baada ya nafuu, na hakuna kipimo cha kunionyesha zitamrudia nani. Aliyepona upesi kwa sindano moja, na anaishi jirani, namruhusu baada ya saa 6. Aliyehitaji mbili, au anayetoka mbali, analala wodini, hata ndugu wakija na pikipiki kumchukua.