Maua ya kupanda Lodwar: anza na shimo

Mtu akiniuliza apande maua gani kwenye miji mikavu ya kaskazini mwa Kenya kama Lodwar, Garissa au Wajir, mimi humuuliza kwanza kuhusu shimo. Lodwar hupata takriban milimita 200 tu za mvua kwa mwaka, lakini miche mingi ya bustani huoza mizizi kabla kiu haijaifikia. Shimo huchimbwa kwenye udongo mgumu, likajazwa samadi, na maji ya kila jioni yakatuama humo.

Kwa hiyo pima. Chimba sentimita 30, jaza maji, yakiisha jaza tena. Haya ya pili yakinywewa ndani ya saa 2, panda hapo. Yakipita saa 4, inua tuta la sentimita 30, upande juu yake.

Chaguo langu la kwanza ni waridi la jangwani, Adenium obesum, mmea wa nyika zetu wenyewe. Lile shina nene ndilo ghala lake la maji. Changanya madebe 2 ya mchanga wa laga (mto wa msimu) wenye chembe kubwa, debe 1 la udongo, debe 1 la kokoto ndogo na nusu debe la samadi ya mbuzi iliyooza kabisa. Mizizi iliyovunjika ikate kwa kisu safi, kisha uache mche kivulini siku 5 hadi 7, kidonda kikauke. Ukishaupanda, usimwagilie siku 5 za kwanza.

Baada ya hapo, shina litakuongoza. Likiwa gumu, liache. Likilegea na udongo ni mkavu, mwagilia. Likilegea na udongo umelowa, hapo linaoza: ling'oe leo hii, kata hadi ufike kwenye nyama safi, ulianike kivulini. Vaa glavu, kwa sababu utomvu wake ni sumu iliyotumika kwenye mishale. Na tafadhali, usiuchimbe porini. Nunua mche wa mbegu. Wa tawi mara nyingi hauvimbi shina vizuri.

Bogainvilea nayo huvumilia sana, ila huchukia kuguswa mizizi. Pasua kiriba, ule mfuko wa mche, kwa wembe, usiuvute mche. Mpe lita 10 mara mbili kwa wiki kwa miezi 3, kisha lita 20 kila baada ya wiki 2. Ukizidisha maji au samadi utapata majani matupu.

Shubiri za kwetu, kama Aloe secundiflora, huleta ndege chozi bustanini. Majani yakigeuka mekundu wakati wa jua kali, si ugonjwa, usiongeze maji.

Mpungate, aina ya kaktasi, usiupande, hata ukipewa bure. Umeshaharibu malisho mengi Laikipia.

Ukitumia maji ya kisima yenye chumvi, ncha za majani hukauka na utando mweupe hutanda juu ya udongo. Mara moja kwa mwezi, loweka udongo wa kila shina la bogainvilea kwa lita 40 kwa mkupuo, chumvi ishuke chini ya mizizi.