Kuondoa Maji ya Mvua Uani: Dhana Potofu na Ukweli

Mvua ya milimita 1 ikinyesha kwenye eneo la mita 1 ya mraba huleta lita 1 ya maji. Kwa hiyo paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 50 katika mvua moja kubwa humwaga lita 5,000, kabla ya kuhesabu maji yanayoanguka kwenye ua wenyewe na yale yanayoteremka kutoka viwanja vya juu. Wingi huo ndio unaopaswa kumwongoza mwenye nyumba anapochagua mfumo, pamoja na maswali mawili: maji yanatoka wapi, na yataishia wapi? Kwa bahati mbaya, wengi huanza na kile walichokiona kwa jirani, na dhana zifuatazo huwapa ujasiri wa kufanya hivyo.

Dhana: Maji yakituama uani, dawa yake ni mtaro wa kokoto wenye bomba la matundu.

Ukweli: Mtaro huo ni mzuri sana kwa kazi yake, lakini kazi yake ni kukausha maji yaliyokwisha kuingia ardhini. Henry French, mwanasheria wa Marekani aliyeueneza mwaka 1859, alikuwa akishughulikia mashamba yenye unyevu kupita kiasi, si maji yanayotiririka kwa kasi juu ya ardhi. Maji ya juu ya ardhi huhitaji mteremko, mfereji wa wazi au uliofunikwa kwa wavu wa chuma, na chemba ya kuyapokea pale yanapokusanyika.

Kati ya hivyo, mteremko ndio wa kwanza. Ardhi inayoizunguka nyumba inafaa ishuke sentimita 15 hivi katika mita 3 za kwanza kutoka ukutani. Vigingi viwili, kamba na pimamaji vinatosha kuukagua, na mara nyingi ukaguzi huo huonyesha kwamba ardhi imeinamia nyumba yenyewe, kwa sababu udongo uliojaziwa kandokando ya msingi wakati wa ujenzi ulididimia baadaye. Hapo ni lazima kuongeza udongo na kuushindilia kabla ya kufikiria bomba lolote, maana mfumo utakaowekwa bila marekebisho hayo utakuwa ukipokea maji ambayo hayakupaswa kufika ukutani.

Dhana: Shimo la kunyonya maji likichimbwa kubwa, litafanya kazi popote.

Ukweli: Ukubwa wa shimo huamua ni maji kiasi gani yatahifadhiwa, udongo ndio unaoamua yataondoka lini. Mchanga hunyonya zaidi ya milimita 30 kwa saa, ilhali udongo wa mfinyanzi kwa kawaida hunyonya kati ya milimita 1 na 5 tu, kwa hiyo shimo lililochimbwa kwenye mfinyanzi hujaa kwa mvua ya kwanza na mvua ya pili hulikuta bado limejaa. Kabla ya kuchimba, pima: chimba shimo dogo hadi kina kilichokusudiwa, lijaze maji, yaache yaishe, lijaze tena, kisha angalia maji yanashuka kiasi gani kwa saa. Ninasisitiza kipimo hiki kifanyike msimu wa mvua, kwa kuwa maji ya chini ya ardhi hupanda wakati huo, na mahali palipoonekana pakavu wakati wa kiangazi panaweza kuanza kutoa maji badala ya kuyanyonya. Udongo ukikubali, shimo likae angalau mita 5 kutoka kwenye nyumba.

Dhana: Kumwaga zege ua mzima kunamaliza tatizo.

Ukweli: Zege huondoa matope, lakini huzuia karibu maji yote yasiingie ardhini na kuyaongezea kasi. Anayetaka sakafu ngumu aache sehemu zenye nyasi, au atumie vitofali vinavyopitisha maji juu ya tabaka la kokoto.

Dhana: Bomba ni bomba, mradi lielekee chini.

Ukweli: Hapa ndipo makosa yaliyofukiwa ardhini huwa ghali kuyarekebisha. Bomba likiongezwa kipenyo mara mbili kwa mteremko ule ule, uwezo wake wa kupitisha maji huongezeka zaidi ya mara sita, kwa hiyo kubana matumizi kwenye kipenyo ni kujinyima sehemu kubwa ya mfumo. Mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita unafaa, na usiwe na mabonde njiani, kwani tope hutuama humo. Maji ya paa yasafirishwe katika bomba lisilo na matundu hadi mbali na nyumba. Kuyaingiza kwenye bomba la matundu lililolazwa kando ya msingi ni sawa na kuumwagilia msingi huo kila mvua inaponyesha. Bomba la matundu lilazwe matundu yakitazama chini, ili maji yanayopanda kutoka sakafu ya mtaro yaingie mapema, na kokoto zizungushiwe kitambaa cha kuchujia, la sivyo udongo laini utaziba nafasi zote. Chemba za kusafishia ziwekwe kwenye kona.

Dhana: Tangi la maji taka linaweza kupokea maji ya mvua pia.

Ukweli: Haliwezi. Mvua kubwa hulijaza, husukuma uchafu nje kabla haujatulia, na huweza kuurudisha ndani ya nyumba.

Dhana: Maji yakishatoka kwenye kiwanja changu, kazi imekwisha.

Ukweli: Mwisho wa bomba ndio unaopaswa kuchaguliwa kwanza, maana ukiwa juu kuliko sehemu inayojaa, maji hayatafika bila pampu. Kuyaelekeza kwa jirani ni kumhamishia hasara, na katika nchi nyingi kunaweza kuzua madai ya kisheria. Mdomo wa bomba uwekewe mawe ya kupunguza nguvu ya maji ili ardhi isimomonyoke, na wavu wa kuzuia panya. Kabla mitaro haijafukiwa, fundi amwage maji mengi upande wa juu, na mwenye nyumba asimame upande wa chini ayaone yakitoka.