Konokono wa Mtoni na Kichocho: Maswali ya Watoto na Majibu Yake

Mtoto wa Pemba aghalabu huujua mto wa kijijini kwao kabla hajajua kusoma, na maswali yake kuhusu kichocho huanzia hapo hapo mtoni. Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya walimu wa skuli na wa chuoni (madrasa), pamoja na wazee wanaoulizwa nyumbani, ili mtoto wa darasa la pili asomewe na afahamu.

Kichocho ni nini?

Ni maradhi yanayoletwa na minyoo wadogo wanaoishi ndani ya mishipa ya damu iliyozunguka kibofu cha mkojo. Dume ana urefu wa takriban sentimita 1, na mwilini mwake mna mfereji ambamo jike, aliye mwembamba kama uzi, hujilaza. Wawili hao huweza kukaa hivyo kwa miaka kadhaa, jike akitaga mayai. Mayai hayo, ambayo kila moja lina mwiba kwenye ncha yake, hupenya ukuta wa kibofu na kuujeruhi, na ndiyo sababu mtoto huona damu, hasa katika matone ya mwisho ya mkojo.

Basi konokono ana kosa gani?

Hana kosa, kwani naye ameingiliwa kama tulivyoingiliwa sisi. Mtu mwenye kichocho akikojoa kwenye maji yasiyo na chumvi, mayai huanguliwa na kutoa vidudu visivyoonekana kwa macho, ambavyo huogelea kumtafuta konokono wa aina maalumu na hufa visipompata kwa muda wa siku moja hivi. Kidudu kimoja kikishaingia mwilini mwa konokono huzaana humo kwa wiki kadhaa, kisha hutoka maelfu ya viluwiluwi vyenye mkia uliogawanyika mara mbili mwishoni. Hivi ndivyo vinavyopenya ngozi ya mtu aliyeingia majini, tena kwa dakika chache tu, bila ya yeye kunywa hata tone.

Viluwiluwi hivyo hutoka kwa wingi jua linapokuwa kali, karibu na adhuhuri. Kwa bahati mbaya, huo ndio wakati watoto wanapopenda kuoga.

Nitamjuaje konokono huyo?

Usimwokote kwa mkono mtupu. Mwalimu achukue gamba tupu lililokwisha kukauka, alishike ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukimwelekea yeye. Konokono wengi mdomo wao huwa upande wa kulia, lakini huyu wa kichocho mdomo wake uko kushoto. Si kila konokono mwenye mdomo wa kushoto hubeba kichocho, ila watoto wakishaoneshwa tofauti hii mara moja hawaisahau. Huyu hupenda maji yaliyotulia au yaendayo polepole, hula utelezi wa kijani unaoota juu ya mawe na majani, na hutaga mayai yake chini ya majani ya mimea ya majini kama yungiyungi. Maji yakikauka, wengine hujificha katika tope hadi mvua zirudi.

Je, baharini kuna kichocho?

Hakuna. Konokono huyu haishi katika maji ya chumvi.

Nitajuaje kuwa ninacho?

Kwa kupimwa mkojo. Katika kituo cha afya huchovywa kijikaratasi kinachobadilika rangi kukiwa na damu, hata ile isiyoonekana kwa macho, au mkojo huchujwa na mayai yakatafutwa kwa darubini. Mtoto asione haya kumwambia mama au mwalimu, kwani kichocho kikiachwa miaka mingi huweza kuharibu kibofu na figo.

Nimeshameza dawa skuli. Naweza kurudi mtoni?

Dawa inayotolewa, prazikwanteli, huua minyoo waliokomaa, lakini haiwapati vizuri wale wachanga na haimkingi mtu asiambukizwe tena. Vidonge ni vikubwa na vichungu, na idadi yake hutokana na uzito au urefu wa mtoto; ale kwanza, ili tumbo lisimsumbue sana. Akirudi kuoga mtoni siku ya pili yake, huenda akaambukizwa upya.

Nyumba iliyo mbali na mfereji wa maji ya bomba ina njia nyepesi: maji ya mtoni yakikaa ndani ya ndoo safi iliyofunikwa kwa siku 2 kamili, viluwiluwi hufa, na maji hayo hufaa kwa kuogea, ingawa ya kunywa lazima yachemshwe. Anayechota naye ajitahidi asitumbukize miguu. Na aliyebanwa na mkojo akiwa bondeni apande juu, mbali na maji, akojoe kwenye mchanga mkavu, kwa kuwa yai lisilofika majini halimpati konokono.